Chokaa ya Vyoo Vyetu

Koplo alikuwa amechuchumaa kando ya uwanja wa gwaride, brashi mkononi, anapaka mawe chokaa. Upande mmoja alikwisha kuumaliza, mawe yamejipanga meupe pe, na sasa alikuwa anateremka upande wa pili kuelekea getini. Kando yake ndoo. Kando ya ndoo gunia limefumuliwa mdomo. Na ubavuni mwa gunia lile nikaona mstari wa rangi nyekundu ambao bwana afya aliuchora mbele ya macho yangu siku nne nyuma, akisema, "Hii ni ya vyoo. Msiiguse kwa kazi nyingine."

Binti yangu alikuwa mgongoni, nimemfunga kanga mbili kwa sababu moja haikumshika tena. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, na alikuwa amepungua hata nikawa nageuza shingo kila mara kuhakikisha bado yupo.

"Koplo," nikamwambia, "hiyo chokaa imetoka wapi?"

"Stoo, mama. Afande nasema mawe yote mpaka geti. Mgeni mukubwa iko nakuja Ijumaa."

"Huyo mgeni atakuja kunya kwenye mawe?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, masikini, alicheka kwa sababu swali lilimchekesha. Lakini mimi kicheko kile kilinikuta mahali pabaya. Kwa siku nne tulikuwa tunaambiwa chokaa haiwezi kutoka stoo mpaka isainiwe, na wa kuisaini hayupo. Kumbe yupo. Kumbe kalamu ipo na wino upo.

Nikaikamata ile ndoo, nikaondoka nayo.

Naomba ieleweke kwamba mimi si mtu wa hasira za karibu. Miaka ile ya utawala wa kijeshi ukiwa na hasira za karibu hufiki mbali. Nilijua kusimama foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi bila sabuni. Nilijua kunyamaza njiani wakipita watu wenye miwani myeusi. Nilisoma mpaka kidato cha nne na nikafaulu, nikaolewa na konstebo kutoka kaskazini, mimi Mwislamu wa Kibuli, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, yeye Mkristo, na maneno niliyoyasikia kwa kuolewa huko niliyameza moja moja. Uvumilivu nilikuwa nao. Siku ile ndiyo uliisha.

Kambi yetu ya polisi ilikuwa bondeni, ukisimama mlangoni unauona msikiti wa Kibuli juu ya kilima. Tuliishi katika nyumba za bati za duara, familia moja chumba kimoja, zimepangwa safu safu, na kila safu tuliita laini. Kila laini ilikuwa na choo chake cha shimo na pipa lake la maji. Bomba lilikuwa moja kwa kambi nzima, nalo lilitoa maji alfajiri tu, mara nyingine halikutoa kabisa, kwa hiyo wanawake tulipeana zamu ya kujaza pipa, halafu mchana kutwa kila mtu anachota hapo.

Sasa nikwambie ujinga wetu, na mimi nilikuwa katikati yake. Kila Jumamosi kulikuwa na ukaguzi. Sajini Meja alipita na fimbo kwapani akitazama laini ipi safi. Alitazama nje. Basi na sisi tulisafisha nje. Tulilisugua pipa kwa majivu mpaka likang'aa, unaweza kujitazama uso na kujifunga kitambaa. Laini yetu, laini ya tatu, ilishinda mara nyingi, na nilijivuna kama nimepewa nishani. Lakini ndani ya pipa lile hakuna aliyewahi kutia tambara. Kila mtu alichota kwa chombo chake: huyu kopo, yule sufuria, watoto walitumbukiza mikono mpaka kwapani. Ukitoka chooni unapitia pipani, unachota kidogo kwa kopo, unanawa, kopo linarudi ndani. Tulijiona wastaarabu kwa kunawa.

Ndipo tumbo likaingia kambini. Wengine walisema limetoka sokoni Nakivubo, wengine wakasema limeletwa na samaki, wengine wakawasingizia majirani wa kabila wasilolipenda. Lilikuja na miguu ya nani, hilo halikunihusu. Lilikaa kwetu kwa sababu gani, hilo lilinihusu. Alianza mtu wa laini ya kwanza, akaendesha maji meupe kama maji ya mchele, akapelekwa hospitali. Kisha watoto wawili wa laini ya pili. Kisha jirani yangu wa mlango wa tatu, mke wa mlinzi wa geti, mwanamke mnene wa vichekesho, asubuhi alinitania kuhusu chapati zangu, jioni macho yake yalikuwa yamezama ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Hakuuona usiku wa pili. Jina la ugonjwa lilikatazwa. Sajini Meja alisema, "Hapa hakuna kipindupindu. Hapa iko tumbo ya kawaida." Tukamzika wa tumbo ya kawaida.

Binti yangu alianza siku ya mazishi.

Nilifanya kosa ambalo mama yeyote wa kambi angelifanya: nilimnyima maji. Tuliamini mtoto anayeendesha ukimnywesha unamwongezea. Nilimbeba mpaka zahanati, midomo yake imekauka, analia bila machozi. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya askari, aliniuliza, "Umempa nini?"

"Sijampa kitu, nnyabo," nikamjibu kwa heshima ya Kiganda. "Naogopa atazidi."

"Wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Ulisoma nini? Chungu kinavuja na wewe unazuia watu kukijaza! Maji yaliyochemka, ya kujaza chupa mbili za soda. Sukari ya kujaza kiganja, chumvi ya vidole vitatu. Onja. Ikizidi chumvi ya machozi, mwaga. Kila akitoka, mnyweshe. Akitapika, subiri kidogo, mnyweshe tena kwa kijiko. Usinililie hapa, nenda kachemshe."

Sukari miaka ile ilikuwa haionekani. Nilipanda kilima cha Kibuli kwa bibi yangu, ambaye alikuwa ameficha glasi moja ya sukari kwa ajili ya Ramadhani, imefungwa kwenye kitambaa, ndani ya sanduku, chini ya sanda yake. Aliitoa yote. Alisema, "Mungu anajua kuhesabu funga zangu bila uji mtamu." Nilimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, kutwa na kucha, na siku ya tatu akakojoa. Nyie mnaosoma haya mkicheka kwamba mama alishangilia kukojolewa, chekeni. Nilishangilia.

Nikiwa kwa bibi niliona kitu nilichokiona tangu utotoni bila kukiona. Nyumbani kwake hakuna mtu anayetumbukiza mkono katika maji. Kabla ya chakula mdogo anamshikia mkubwa birika, maji yanamiminika juu ya mikono, yanaanguka kwenye beseni, yanamwagwa. Chooni birika, udhuu birika. Maji yaliyogusa mkono hayarudi yalikotoka. Niliolewa nikaiacha adabu hiyo Kibuli kama kitu cha wazee, nikaenda kutumbukiza kopo pipani na wenzangu. Nilijionea aibu, na papo hapo nikaona fahari pia, maana dawa ilikuwa kwetu muda wote.

Bwana afya wa manispaa alikuja kambini kesho yake na gunia la chokaa. Alikuwa mtu mwembamba, na aliogopa, lakini alisema kweli. Alitusimamisha wanawake wa laini ya tatu mbele ya choo chetu, ambacho kilikuwa kimejaa na inzi wanaimba, akauliza: "Inzi akitoka hapa anatua wapi?" Tukatazama pipa letu linalong'aa, hatua ishirini kutoka pale, halina kifuniko. Ndipo nikasema mimi, kwa sauti, "Tunakula mavi ya wenzetu." Wakaguna. Bwana afya akasema, "Mama huyu amesema kuliko mimi." Akaagiza: chokaa ndani ya shimo kila jioni mpaka mashimo mapya yachimbwe, pipa lifunikwe, maji ya kunywa yachemshwe, mikono kwa sabuni, na kama hakuna sabuni, kwa majivu. Nguo za mgonjwa zisifuliwe karibu na bomba. Akachora mstari mwekundu, akakabidhi gunia stoo, akaenda.

Sisi tulianza bila chokaa. Jirani yangu mmoja, Mganda mwenye mapacha ambaye kwa desturi yao wote tulimwita Nalongo, alikuwa mpinzani wangu mkubwa.

"Kuni ya kuchemsha maji nitatoa wapi, madamu? Utakuja kunichomea vitabu vyako?"

"Nitachoma vitabu, Nalongo, kabla sijazika mtoto."

Akanitazama, akaenda zake. Alasiri alikuja na kata ya mbao yenye mpini mrefu kama mkono wa mtu mzima, mumewe ameichonga. "Hii inakaa kwenye pipa," akasema. "Ndiyo peke yake inaingia. Atakayetia kopo, nampiga nayo." Na alipiga. Alimpiga konstebo mzima mwenye sare, mkononi, mbele ya watu, akamwambia, "Mukono yako imetoka wapi?" Tulitoboa makopo ya maziwa matundu chini, tukayaning'iniza karibu na choo, mmoja anamimina na mwingine ananawa. Pipa letu tulilimwaga, tukaingia ndani na kusugua ndani. Wanaume walituita madaktari wa mavi. Tuliitika. Laini ya nne wakatuiga, kisha ya kwanza.

Lakini vyoo vilibaki wazi, na mvua ilikuwa inakuja. Shimo likifurika, kata ya Nalongo itasaidia nini? Tulihitaji ile chokaa. Kila asubuhi nilikwenda stoo, na kila asubuhi niliambiwa haijasainiwa. Siku ya nne nikaikuta kwenye mawe.

Basi nilikuwa natembea na ndoo, mtoto mgongoni, chokaa inanirukia miguuni na kuniwasha. Nyuma yangu koplo anasema, "Mama, mama, tafadhali, mimi nitafungwa." Sikugeuka. Nilifika chooni, nikamwaga ndoo yote shimoni. Nilipoinua kichwa, Nalongo alikuwa amesimama na beseni.

"Imebaki?"

"Gunia zima karibu."

Akapiga vigelegele. Sikumwambia apige. Wakatoka wanawake wa laini ya tatu, wakatoka wa nne, na mabeseni, na sufuria, na mmoja na kofia ya chuma ya mumewe. Tulikwenda kwenye uwanja wa gwaride ambao mwanamke hakuruhusiwa kuukanyaga, tukaukanyaga, tukaibeba chokaa yote. Koplo aliacha brashi yake, akakaa juu ya jiwe ambalo halijakauka. Suruali ikawa nyeupe matakoni. Tulicheka mpaka tukashindwa kubeba.

Sajini Meja alitukuta kwenye choo cha mwisho.

"Nani naanza hii maneno?"

Nikasema, "Ni mimi, Afande."

"Wewe bibi ya nani?"

Nikamwambia.

"Hii ni mali ya serikali. Hii ni wizi. Na mgeni naona mawe nusu nyeupe, nusu chafu, atasema nini?"

"Afande, mgeni akishikwa tumbo hapa atasema nini?"

Nalongo alinifinya mgongoni. Sajini Meja alinyoosha fimbo mpaka karibu na pua yangu, akamwona mtoto akimtazama juu ya bega langu, akaiteremsha. "Mume wako atajibu," akasema. Akaenda.

Mnaojua miaka ile mnajua "mume wako atajibu" ilikuwa na maana gani. Watu waliitwa kujibu jambo dogo na viatu vyao vikabaki chini ya kitanda.

Mume wangu alirudi saa kumi, amekwisha kusikia. Nyumba ya bati haina siri, kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona.

"Mama watoto, unataka nipotee?"

"Nataka mtoto asipotee."

"Mtoto amepona."

"Wa kwetu. Mvua ikinyesha?"

Alikaa kitandani na buti moja mguuni. Alimtazama binti yetu, ambaye alikuwa anatafuna ukingo wa sahani ya bati kwa njaa, njaa ya uzima. Akasema taratibu, kama anayezungumza na buti, "Sajini Meja ataandika kesi ya wizi baada ya mwito wa jioni. Kabla ya hapo yuko getini na mambo ya mgeni." Akaanza kufunga kamba. "Kitabu cha malalamiko pale kaunta ya kituo kina namba. Aliyeandikwa kwanza ni mlalamikaji. Anayekuja nyuma yake na maneno yale yale, anaonekana anajitetea. Na ukurasa haung'olewi, kila ukurasa una namba yake. Mkubwa wa kituo anausoma kila asubuhi, awe anataka au hataki."

Hakuniambia nenda. Hakuniambia usiende. Wengi wananiuliza kwa nini sikuolewa Kibuli na mtu wa dini yangu. Jibu langu ni buti ile na maneno yale.

Nilioga, nikavaa gauni langu la kwenda mjini, nikajifunga mtoto. Nalongo akasema hawezi kuniacha niende peke yangu, akavaa gomesi yake, gauni refu la Kiganda, mshipi umekazwa kama wa harusi. Tuliingia kituoni kwa mlango wa mbele kama raia wenye shida zao.

Aliyekuwa kaunta ni konstebo mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Alisikiliza, akakuna shingo.

"Mama, mambo ya vyoo peleka kwa bibi ya mukubwa."

"Ni malalamiko. Nimekuja kulalamika polisi. Hapa si polisi?"

"Ni polisi, lakini kitabu tunaandika Kingereza. Kingereza yangu ya vyoo ni kidogo."

"Andika Kiswahili. Si imetangazwa redioni kwamba ndiyo lugha ya taifa? Au wewe unapinga?"

Alitazama mlangoni, akatazama dirishani. Kisha akacheka kimya kimya, mabega tu. "Hii mama iko hatari," akamwambia Nalongo.

"Ee ssebo, bwana wangu," Nalongo akajibu, "na hapo amekula kidogo."

Akafungua kitabu, akachovya kalamu. Nilisema polepole ili aandike vizuri, na alipokosea nilimwambia akate na kuandika upya. Sikumtaja mgeni, kwa sababu sikuwa mjinga. Sikumshtaki mtu kwa jina, kwa sababu mimi sikutaka mtu afungwe, nilitaka mashimo.

Kwa wenye haraka ya kujua: mume wangu hakuitwa kujibu. Kesi ya wizi haikuandikwa, maana ukurasa ulikuwa umekwisha kukaliwa. Wafungwa wa mahabusu waliletwa na majembe kabla ya mvua, tukapata mashimo manne, na baada ya hapo sikumwona mtu mwingine wa laini yetu akibebwa kwa tumbo. Binti yangu sasa anasoma darasa la kwanza na ananijibu jeuri. Wapo wanaosema ni bahati. Bahati haikusugua mapipa yetu ndani.

Maneno yenyewe nayajua kwa moyo, kwa sababu ni mimi niliyeyasema. Yaliandikwa hivi:

"Mlalamikaji ni mwanamke, umri miaka ishirini na mbili, mke wa konstebo, mkazi wa laini ya tatu ya kambi hii. Amefika kaunta na mtoto mgongoni, na shahidi mmoja mwanamke, mama wa mapacha, wa laini hiyo hiyo. Anasema: Katika kambi hii watu wameugua kuendesha na kutapika, na jirani yake mmoja amekufa. Mtoto wake mwenyewe aliugua na amepona kwa kunyweshwa maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi. Anasema ugonjwa unatoka chooni, unachukuliwa na inzi na mikono, unaingia katika maji ya kunywa. Anasema bwana afya alileta gunia moja la chokaa kwa ajili ya vyoo, na chokaa hiyo imekutwa leo ikipakwa mawe ya uwanja wa gwaride. Anakiri kwamba yeye ndiye aliyeitoa hapo na kuitia vyooni, na kwamba akiikuta tena kwenye mawe ataitoa tena. Analalamika kwamba vyoo vya laini zote vimejaa. Anaomba mashimo mapya yachimbwe kabla ya mvua, mbali na bomba. Anaomba kila pipa lipewe kifuniko. Na anaomba ukaguzi wa Jumamosi uanzie chooni na ndani ya pipa. Amesomewa maelezo haya, amesema ndivyo alivyosema, habadilishi neno. Ametia saini kwa mkono wake. Shahidi ametia dole gumba, baada ya kunawa."